Naombeni ushauri: vielezi vya Kikorea vinanichanganya na mtihani umekaribia

Kijana wa Kirumba: Habarini wakuu. Nina mtihani wa Kikorea hivi karibuni na vielezi vimenikwamisha. Hangsang ni "kila mara", jaju "mara nyingi", gakkeum "mara mojamoja", hapo sina shida. Nikifika kwa byeollo, jeonhyeo na geoui jasho linanitoka. Na aju na neomu zinatofautianaje? Hata usingizi sipati, nisaidieni.

Mama Chapati: Mdogo wangu, lugha ni masikio. Binti yangu anashinda na tamthilia za Kikorea, siku hizi hata chumvi anaiomba kwa Kikorea. Hesabu ndiyo zinamshinda, na baba yake kashasema king'amuzi kinafungwa.

Ngosha Mkimya: Mtihani upi, mkuu? TOPIK I, mtihani wa Kikorea wa ngazi ya chini, ni kusikiliza na kusoma tu, alama 200, ukipata 80 una daraja la kwanza. Vielezi peke yake havikuangushi. Haraka ya nini?

Kijana wa Kirumba: Si hiyo. Ni EPS-TOPIK, ya kazi za viwandani.

Ngosha Mkimya: Subiri kwanza. EPS, mpango wa vibali vya kazi kwa wageni, ilianza 2004, na Korea Kusini inachukua wafanyakazi kwa makubaliano ya serikali kwa serikali na nchi za Asia: Nepal, Vietnam, Sri Lanka, Ufilipino na wenzao. Tanzania haimo. Nani kakuandikisha? Umelipa?

Kijana wa Kirumba: Nimelipa nusu, niliuza bodaboda. Ila jamaa ni wa uhakika, kaishi Busan, Korea, na anatufundisha mwenyewe. Mimi nimeuliza vielezi, sijauliza habari za wakala.

Mzee wa Vipuri: Vijana mnauza chombo kinacholisha nyumba mkafuate msichokijua. Mimi nimesomesha watoto kwa kuuza plagi na cheni za pikipiki hapahapa. Kijana, ungeniuliza kabla.

Mla Ugali: Hii chai. Mtu auze pikipiki halafu akose usingizi kwa ajili ya vielezi? Umetunga, mleta mada.

Kijana wa Kirumba: Sijatunga chochote. Daftari ninalo hapa. Mwalimu katuandikia ubaoni: "byeollo joahaeyo", napenda kiasi, "jeonhyeo joahaeyo", napenda sana.

Dada wa Daejeon: Namwamini, mwacheni. Nimesoma Daejeon kwa GKS, ufadhili wa serikali ya Korea, mwaka wa kwanza ni lugha tupu. Byeollo na jeonhyeo katika sentensi kama hizo zinadai kikanusho. "Byeollo an joahaeyo", sipendi sana. "Jeonhyeo an joahaeyo", sipendi hata kidogo. Hiyo "an" ndiyo mwalimu wako kaiacha, tena mara mbili. Mama mwenye nyumba wangu aliniwekea beondegi, wale wadudu wa hariri wa kuchemsha, akauliza kama nimewapenda. Nikajibu "byeolloyo" tu, akacheka akaondoa bakuli. Neno lenyewe limeshabeba kukataa.

Aju ni "sana". Neomu asili yake ni "kupita kiasi", ila watu wanaisema kwa sifa pia, na mwaka 2015 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ikaikubali hivyo. Kielezi kikae kabla ya kitenzi: "keopireul jaju masyeoyo", nakunywa kahawa mara nyingi.

Mtu aliyeishi Busan hafundishi byeollo vile.

Kijana wa Kirumba: Labda alighafilika, dada. Darasa lina watu wengi na sote tumeshalipa. Nusu ya pili ni Ijumaa. Na geoui je?

Mla Ugali: Nafuta kauli. Huyu kweli kakamatwa.

Dada wa Daejeon: Geoui ni "karibu". "Geoui da wasseoyo", tumekaribia kufika. "Geoui an meogeoyo", ni nadra sana kula. Hii inakubali pande zote mbili.

Sasa Ijumaa usitoe hela. Mwombe, wenzako wakiwepo, leseni ya wakala wa ajira za nje, na akuonyeshe Tanzania iko wapi kwenye orodha ya EPS. Nusu ya kwanza alikupa risiti?