500E, RS2 au Lotus Omega: ipi naweza kuthibitisha iliunganishwa wapi?

Kitasa
Wakuu salaam. Nina magari matatu mezani na natakiwa kutoa jibu wiki hii: Mercedes 500E, Audi RS2 Avant na Lotus Omega. Nitanunua moja tu. Nataka lile ambalo asili yake inafuatilika mpaka mlango wa kiwanda. Tangazo la Benz linasema "imeundwa na Porsche", la Audi linasema hivyo hivyo, la Omega linasema Uingereza. Nimeingiza chasisi namba, kwa zilivyoonekana kwenye picha, kwenye tovuti ya kuzitafsiri, Benz ikaniletea Sindelfingen (kiwanda cha Mercedes) na Audi Ingolstadt (kiwanda cha Audi). Nani muongo hapa?

SpanaKumi
Namba zenyewe ziko wapi? Mwaka? Ziliuzwa soko gani zikiwa mpya? Au unataka tukupigie ramli? Weka herufi 11 za mwanzo, zile sita za mwisho zifiche.

Mzee wa Kibati
Wakati tunamsubiri: hakuna muongo. Herufi ya 11 kwenye Benz inataja kiwanda ambacho namba ya gari imeandikishwa kwake, na A hadi E ni Sindelfingen. Lakini 500E ina fenda pana, haikuenea kwenye mstari wa W124 za kawaida, yaani Benz ambayo 500E ni toleo lake. Ikawa ni gari la safari. Vipande vya bodi vinatoka Sindelfingen kwenda Zuffenhausen kwa Porsche, bodi inaungwa huko. Inarudi Sindelfingen kupigwa rangi. Inakwenda tena Zuffenhausen, jengo la Rössle-Bau, kufungwa injini na vyote vya ndani. Kisha inarudi Sindelfingen kukaguliwa na kukabidhiwa. Siku 18 kwa gari moja! Kuanzia 1990 hadi 1995 zilitoka 10,479. Sasa wewe ukiuliza "iliunganishwa wapi", sema kwanza unauliza hatua ipi.

Herufi17
Na hizo tovuti za kutafsiri zinawachanganya wengi kwa sababu zinasoma namba ya Ulaya kwa kanuni za Marekani. Kule herufi ya 9 ni tarakimu ya ukaguzi na ya 10 ni mwaka. Kwenye 500E ya Ulaya inakwenda WDB, halafu 124036 ambayo ni aina ya gari, halafu tarakimu ya usukani, ndipo herufi ya kiwanda. Hiyo ya usukani ni 1 kwa kushoto na 2 kwa kulia. Tovuti ikikuambia Benz hiyo ni ya 2001, imeila ile 1 kama mwaka. Na 500E zote zilitoka na usukani kushoto, kwa hiyo ukiona 2 pale funga mazungumzo.

Pampu Mbili
Si kila chasisi namba ina tarakimu ya ukaguzi? Ukikokotoa isipolingana, ni feki.

Herufi17
Hiyo ni kanuni ya Marekani Kaskazini, ya Ulaya hayalazimiki. Unageuza kila herufi kuwa namba, unazidisha kwa uzito wa nafasi yake (8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 10, 0, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2), unajumlisha, unagawanya kwa 11. Baki ndiyo inayokaa nafasi ya 9, na baki ikiwa 10 inaandikwa X. Jipime kwa namba yenye 1 mara kumi na saba: jumla 89, baki 1, inalingana. Ukiifanyia Audi ya Ulaya hesabu hiyo utaliita feki gari halali, maana nafasi ya 9 wameweka Z ya kujazia tu.

Kijani Kibichi
Mnazunguka bure. Chukua Omega. Njia yake haina utata: gari lilitoka kiwanda cha Opel, Rüsselsheim, likiwa Omega 3000, likasafirishwa hadi kwa Lotus, Hethel, Norfolk, Uingereza. Pale Lotus waliivua injini, wakakata matao ya magurudumu, wakafunga turbo mbili na gia boksi ya ZF ya gia sita. Mwendo wa pistoni ulitoka 69.8 mm ukafika 85, kipenyo cha silinda kikabaki 95, ndiyo lita 3 ikawa 3,615 cc. Zilitoka 950 tu: Omega 630 na Carlton (jina lake la Uingereza) 320. Mkono wa Lotus unauona kwa macho hata kabla hujafungua kitabu.

SpanaKumi
Utaona pia kutu kwenye hayo matao yaliyokatwa. Hilo mashabiki wa Omega huwa hawalianzi wao.

Kitasa
Samahani, nilikuwa kazini. Benz inaanza WDB1240361C. Audi ni WAUZZZ8CZ, zilizobaki kwenye picha zimefichwa na kidole. Omega bado sijatumiwa.

Mzee wa Kibati
Benz imekaa sawa. Audi simama hapo hapo. RS2 inaanza na WAC. WAU ni Audi ya kawaida, na S2 Avant, ndugu yake asiye na mkono wa Porsche, nayo inaandikwa 8C, kwa hiyo usidanganyike na hiyo 8C.

Boliti Tano
Mzee kanitangulia. Kuna S2 moja ilivishwa hadi ikawa "RS2" na ikauzwa kwa picha. Bampa za RS2, vioo vya 911, rimu za inchi 17, kalipa za breki zenye jina la Porsche, hata manifoldi ya hewa yenye maandishi. Mnunuzi alianza kulalamika kwamba usukani unatetema kwenye mwendo. Likapelekwa kupimwa mlingano wa magurudumu mara mbili, halikupona. Lilipoinuliwa na gurudumu kuvuliwa, nyuma yake kukakutwa sahani nene ya alumini. Habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) ya RS2 ina boliti tano kwenye duara la 130 mm, kama Porsche. Ya S2 ni 112. Kwa hiyo rimu za Porsche haziingii bila sahani ya kugeuzia, na ile sahani haikuwa na pete ya katikati inayobana habu. Gurudumu lilikuwa linabebwa na boliti peke yake, na mbili zilishaanza kulegea.

Kuanzia hapo mengine yakafuatana. Stika ya kwenye shimo la tairi la akiba ilikuwa imebanduliwa, gundi bado ipo. Ile ya kitabu cha huduma ilisomeka 169 kW na herufi ABY, yaani injini ya S2. RS2 ni 232 kW na ADU. Kwenye bloku kulipigwa ADU, ila ukifuta kwa mafuta ya taa na kumulika tochi kwa ubavu, herufi zilizama kina tofauti na uso ulikuwa na mikwaruzo ya msasa. Gari zuri la kuendesha, lakini halijawahi kufika Zuffenhausen.

Kitasa, omba vitu vitatu: chasisi namba iliyopigwa kwenye bodi, picha ya stika zote mbili, na gurudumu moja la mbele livuliwe. Hilo la tatu ndilo linalowatoa jasho.

Pampu Mbili
Hata RS2 halali ni Audi. Bodi ya Ingolstadt, herufi ya 11 ni A ya Ingolstadt. Hiyo Porsche ni mapambo.

Kijani Kibichi
Breki, habu na kuunganishwa kwake ni mapambo? Gari 2,891 zote zilifungwa Zuffenhausen.

Pampu Mbili
Basi na 500E iite Porsche.

Mzee wa Kibati
Mabishano hayo hayamsaidii mtu mwenye hela mkononi. Kwenye Benz dai kadi ya data ya kiwandani. Inaonyesha namba ya injini, inayoanza 119.974, gia boksi 722.365, rangi na namba za siri (code) za vifaa. Linganisha na kilichopigwa kwenye bloku, na kibati cha code hizo kilicho mbele juu ya rejeta. Chasisi namba yenyewe iko kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Tena fungua buti: betri ya 500E inakaa huko, si chini ya boneti.

SpanaKumi
Karatasi zikiwa safi, usisahau waya. W124 za 1992 hadi 1995 ganda la waya za injini linakauka na kumeguka. Kunja taratibu waya mmoja karibu na throto (kifaa kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini). Ukimwagika unga, andaa seti nzima, na throto yenyewe nayo ndani ina waya za aina hiyo hiyo. Ndiyo maana niliuliza mwaka.

Kitasa
Asanteni. Mwenye Audi anasema gari liko ghala, limefunikwa, kuvua gurudumu haiwezekani. Kadi ya Benz nimeiomba. Omega kimya.

Boliti Tano
Turubai halizuii jeki.

SpanaKumi
Mwaka wa Benz, mkuu. Hii mara ya tatu.