Mabakuli ya kaure kwenye makaburi ya nguzo: yaliwekwa kwa sababu gani?

MwalimuWaTegeta ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwenye magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako makaburi ya karne ya 18 yamesimama katikati ya mibuyu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za msikiti, lakini wao walikwama mbele ya kaburi moja lenye nguzo ya mawe iliyopita kimo cha mtu, nayo ina mashimo ya duara. Mwanafunzi mmoja alitumbukiza ngumi yake katika shimo la chini, ikaenea, akaniuliza: "Mwalimu, hapa kiling'olewa nini?" Nilimjibu kwamba palikuwa na bakuli la kaure kutoka China. Alipotaka kujua kwa nini marehemu awekewe bakuli ukutani, nikiri kwamba nilibadilisha mazungumzo.

Naomba msaada wenu. Nguzo yenyewe ilikuwa na maana gani, na mabakuli je? Tena ilikuwaje Waislamu wa mwambao wajenge makaburi marefu namna ile, ilhali tunafundishwa kwamba kaburi lisijengewe?

MzeeWaMalindi amejibu:

Mwalimu, sijui kama nikupe shikamoo au nisubiri ya kwako, basi pokea salamu tu.

Ili ulielewe kaburi, anzia nyumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa ndani kabisa ulijengwa zidaka, yaani safu juu ya safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, na humo yakapangwa mabakuli na sahani za kaure. Hicho ndicho chumba ambamo wanawake walijifungulia na maiti wa nyumba ile walioshewa. Kaure ilipachikwa pia katika mihrabu za misikiti, kama ule msikiti mkuu wa Gede, mji wa kale ulio magofu karibu na Malindi. Kwa hiyo bakuli lililo kaburini si jambo la peke yake. Lilifuata desturi iliyokuwapo nyumbani na msikitini. Ukizitazama kuta fupi zinazozunguka kaburi utaona nazo zimegawanywa kwa fremu za mraba kama ukuta wa sebule, na pembe zake zimeinuliwa. Wengine husema bakuli lilikinga kijicho, na sikatai, lakini mimi naona kwanza lilikuwa tangazo kwamba aliyelala hapa alikuwa na nyumba ya mawe, na nyumba hiyo ilikuwa na watu wanaofanya biashara ng'ambo.

Kuhusu ujenzi, wengi hudhani nguzo zilichongwa kwa jiwe moja. Sivyo. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Tumbawe likitoka baharini ni laini na huchongeka kwa urahisi, likikauka huwa gumu. Fundi alipopiga lipu aliacha nafasi, akalibandika bakuli kabla chokaa haijashika. Ndiyo maana hata pale wezi walipolibandua, mara nyingi alama ya kitako chake hubaki ndani ya shimo. Waambie wanafunzi wako waitafute. Lakini si kila bakuli liliibwa: nguzo ya Mambrui, hapa kaskazini yetu, iliyokuwa na mabakuli ya enzi ya Ming ya China, ilianguka yenyewe mwaka 1934.

Nyongeza moja, kwa kuwa wageni wanaokuja Malindi hunichosha kwa jambo hili. Mnara wa Vasco da Gama ulio ufukweni, wenye msalaba wa mawe ya Lisbon, si kaburi na hauhusiani na nguzo hizi. Mreno huyo alifika mwaka 1498, wakati Gede kuna kaburi lililoandikwa tarehe kwa Kiarabu, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, aliitumia tarehe hiyo kukadiria umri wa majengo mengine ya mji ule.

AbuSalma amejibu:

Assalaam alaykum. Nitajibu swali la mwisho tu. Hadithi iliyopokewa na Jabir, iliyomo katika Sahihi Muslim, inakataza kulipaka kaburi chokaa, kulikalia na kulijengea, kwa hiyo mwanafunzi wako akiuliza hukumu usimfiche. Ila asidhani kwamba maiti amewekwa ndani ya nguzo. Chini ya ardhi hakuna tofauti na kaburi la maskini: mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, umechimbwa, maiti amelazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kisha kiunza, yaani ubao wa kumfunika, kisha mchanga. Fahari yote iko juu ya ardhi.

BintiShela amejibu:

Naongezea kutoka Lamu. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ni mji uliohamwa katika karne ya 17, na sisi watu wa Shela tunajihesabu kuwa kizazi cha waliotoka huko. Kaburi lake la nguzo lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani takriban 1683. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua ya mvua hapo. Lazima mwende maji yakijaa, kwa sababu mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko hukauka na mashua hukwama matopeni. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba msikiti wa Takwa nao una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na wapo wanaoamini kuwa sheikh amezikwa chini yake.

Kuhusu maana ya nguzo, Mwalimu, wataalamu hawajapatana. Wapo walioiona kuwa alama ya uume, na wapo walioitafutia asili kwa Waoromo. Mimi huwatazama majirani zetu Wagiriama, ambao humsimamishia mzee wa chama cha Gohu kigango, nguzo ya mti iliyochongwa. Sisemi kwamba moja imezaliwa na nyingine. Ninachosema ni kwamba mtu wa pwani hii, awe na Kurani au asiwe nayo, alimkumbuka mkubwa wake kwa kitu kilichosimama wima. Na vigango, kama mabakuli yenu, viliibwa na kuuzwa: mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani.

MwalimuWaTegeta amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mzee, shikamoo yako hii hapa. Jumamosi nilirudi Kunduchi peke yangu nikiwa na tochi. Shimo ambalo yule mwanafunzi aliingiza ngumi lina duara la kitako, limejichora vizuri kwenye chokaa, upana wake kama kikombe cha chai. Katika shimo la juu zaidi, nililolifikia kwa kusimama juu ya ndoo niliyoazima kwa wavuvi, bado kuna kigae cheupe chenye mstari wa buluu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nimekiacha palepale.