Gumzo la kikundi: JAMAA YA PAPA NGOY, KATUBA, LUBUMBASHI

*Jumapili*

Papa Dorcas: Jambo yenu wote. Mnunuzi wa lupango, kiwanja na nyumba ya Papa, amepiga tena. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha, la sivyo anapeleka franga zake mtaa wa Kalebuka. Tangu tuondoe kilio cha Papa ni maneno tu. Mimi ndiye mkubwa wa watoto, sheria inanipa kazi ya likidatere, msimamizi wa urithi. Leteni sahihi tumalize.

Baba Mdogo Likasi: Umesema vema mwanangu. Ila msisahau fungu letu sisi ndugu za marehemu. Nyumba ile matofali nilibeba mimi.

Bijou Ndola: Baba mdogo, matofali ya 1998 bado unayadai? 😂

Solange: Yaya, kaka yetu mkubwa, nimesoma orodha yako ya warithi. Umetuandika watano. Kyungu na Kabange wako wapi?

Papa Dorcas: Solange tafadhali.

Papa Dorcas: Wale waliondoka na mama yao 1993. Zaidi ya miaka thelathini hakuna barua wala simu. Hata kwenye kilio cha baba yao hawakuonekana.

Solange: Nani aliwaambia kuna kilio? Hakuna aliyewatafuta. Na kumtangaza mtu kuwa amepotea ni kazi ya tribinali, mahakama, si yetu humu.

Baba Mdogo Likasi: Mama yao hakuandikwa etasivili, kwa serikali. Ilikuwa ndoa ya kimila.

Solange: Mahari ilitoka, baba mdogo, na mbuzi mmoja ulimvuta wewe mwenyewe. Halafu hata ndoa ingekuwa na kasoro, Kodi ya Familia, yaani sheria ya familia, ya 1987, kifungu cha 591, inasema kila mtoto Mkongo lazima awe na baba. Wa ndani ya ndoa na wa nje ambaye baba alimtambua wanakaa fungu moja, la kwanza. Fungu hilo linachukua robo tatu ya mali na wanagawana sawasawa. Ninyi ndugu za marehemu mna sehemu moja ya kumi na mbili.

Baba Mdogo Likasi: Kila mmoja?

Solange: Wote pamoja.

Bijou Ndola: 🙆🏾‍♀️

Solange: Mjane naye ana yake moja ya kumi na mbili, na nyumba aliyoishi na mume wake ana haki ya kuendelea kuitumia, na viti na vitanda vyake. Yaya, ulishamuuliza Mama atahamia wapi?

Papa Dorcas: Hizo ni sheria za ofisini kwa avoka (wakili) wako. Mnunuzi hatangoja tribinali.

Solange: Atangoja kama ana akili. Ili lupango litoke jina la Papa, konservatere wa hati za ardhi atadai hukumu yenye majina ya warithi. Tukificha wawili, siku wakitokea watatushtaki, mnunuzi naye atatugeukia kudai pesa yake, na wakati huo imeshakuwa mabati na karo.

Bijou Ndola: na Noah ya mtu fulani 👀

Papa Dorcas: Bijou kaa na Zambia yako.

Shangazi Odile: [Ujumbe wa sauti]

Solange: Kwa walio kazini, naandika alichosema shangazi. Anasema: Msiwaite wale watoto waliopotea kana kwamba walipotea sokoni. Papa Ngoy alikuwa mfanyakazi wa Shituru, kiwanda cha shaba pale Likasi, mke wake wa kwanza Kapinga mtu wa Kasai. 1992 watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa Likasi, walitolewa kwenye nyumba za kampuni wakalala stesheni majuma kwa majuma, chini ya mashuka na mabati, wanangoja treni. Watoto walikufa pale kwa surua. Kapinga alijificha nyumbani kwa mumewe hadi mwaka uliofuata, kaka zake wakamfuata wakasema twende. Papa alitaka mapacha wabaki. Mama yao akasema siwaachi. Papa akawabebea mfuko wa unga hadi kwenye behewa, akaahidi atawafuata mambo yakitulia. Salamu zilikuja mara moja kwa mtu wa reli, kwamba wamefika Mwene-Ditu, Kasai. Kisha ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998, njia zikakatika.

Papa Dorcas: Sikuwahi kusikia habari hizi.

Shangazi Odile: Hukuuliza.

Mama: Jambo wanangu. Mimi kitabu cha posho ninacho.

Papa Dorcas: Kitabu gani Mama?

Mama: [Picha]

Mama: [Picha]

Bijou Ndola: Weee

Mama: Papa alipoondoka kazini kwa departi volontere ya 2003, kuacha kazi kwa hiari, alirudisha kofia na viatu. Kitabu hakurudisha. Nilikikuta siku ya pili ya ndoa yangu, nikakiweka kwenye bahasha moja na picha zetu. Sikuona sababu ya kumuuliza.

Solange: Mama, Mungu akubariki. Jamani kuzeni picha ya pili. Kampuni ilikuwa inatoa unga kufuatana na idadi ya watoto, kwa hiyo karani alikuwa anawaandika mmoja mmoja. Mstari wa tatu, wino wa zambarau: *Kyungu, M, 1986*. Chini yake: *Kabange, F, 1986*. Mama yao: *Kapinga, Mwene-Ditu*. Mhuri unaonekana nusu, lakini matrikula ya Papa, namba yake ya kazi, inasomeka yote. Huyu ni baba aliyewatambua watoto wake mbele ya mwajiri, mwezi kwa mwezi.

Baba Mdogo Likasi: Majina ya ubatizo hakuna.

Solange: Ilikuwa miaka ya Mobutu, majina ya Kikristo hayakuandikwa kwenye karatasi za kazi. Parokia ndiyo inayajua.

*Alhamisi*

Solange: Tangazo limesomwa tangu Jumatatu redioni kule Mwene-Ditu. Tumetaja jamaa ya Papa Ngoy aliyekuwa Shituru, inatafuta watoto wake wa zamani, Kyungu na ndugu yake. Basi. Mengine nimeyabana makusudi.

Papa Dorcas: Nimepigiwa. Mtu anasema yeye ni Kyungu. Nikamuuliza umri, akasema 26 😂

Bijou Ndola: Alizaliwa ndani ya treni ya pili

Papa Dorcas: Mwingine anasema anawajua wote wawili, nimtumie kwanza pesa ya usafiri.

Solange: Msitume hata makuta moja. Na msimwambie mtu kwamba ni mapacha. Mwenyewe halisi ndilo litakuwa neno lake la kwanza.

Papa Dorcas: Unaona sasa? Tumetafuta, hakuna. Tuandike hivyo tuendelee.

Shangazi Odile: Ninyi watoto mnatafuta Kyungu huko Kasai?

Solange: Ndiyo shangazi, si ndilo jina lake?

Shangazi Odile: Kwetu sisi Baluba wa Katanga mapacha ni Kyungu na Kabange. Kule wanaitwa Mbuyi na Kabanga. Halafu kumbukeni gavana wa Shaba wakati ule alikuwa nani. Kyungu wa Kumwanza, yule aliyechochea watu wa Kasai wafukuzwe. Watu wameshuka treni wanalia wafu wao, mama gani atamwita mtoto wake Kyungu uwanjani asikike?

Bijou Ndola: Shangazi 🙌🏾

Solange: Basi jina lilibadilika siku ileile. Na sasa tatizo limegeuka, maana kina Mbuyi na Kabanga huko wako kila nyumba yenye mapacha.

Solange: Baba mdogo, wewe uko karibu. Walibatizwa parokia gani?

Baba Mdogo Likasi: Ile ya karibu na kambi. Mimi ndiye baba wa ubatizo wa Kyungu.

Papa Dorcas: ???

Solange: Na tangu Jumapili umenyamaza! Tafadhali kesho uende ofisini uombe kitabu cha ubatizo cha 1986. Usiishie kwenye majina, angalia pembeni ya ukurasa. Mkatoliki akifunga ndoa kanisani popote, parokia ile inapeleka habari kule alikobatizwa, wanaiandika pembeni.

Baba Mdogo Likasi: Nauli?

Solange: Nakutumia sasa hivi.

*Jumamosi*

Baba Mdogo Likasi: Sekretere alikuwa na msiba, amefungua leo. Kitabu panya wamekula kona lakini ukurasa wetu mzima. Nimewaona. Kwa mvulana pembeni ni peupe. Kwa msichana kuna maneno ya kalamu nyingine: amefunga ndoa Mbuji-Mayi, 2011, jina la mume na la parokia. Nimekataza nisipige picha, nimenakili kwa mkono.

Bijou Ndola: Umekatazwa au umekataza? 😅

Baba Mdogo Likasi: Nimekatazwa. Niacheni nina furaha.

Solange: Nitumie kwa namba yangu, si humu.

*Jumatano*

Solange: Jamaa, nimeongea naye. Padre wa Mbuji-Mayi alimpelekea namba yangu, akapiga mwenyewe. Neno la kwanza: "Mnataka nini, kuna deni?" Nikamwambia Papa amefariki. Kimya kirefu, nikadhani unite za simu zimeisha. Nikamuuliza kama ana ndugu. Akasema, "Pacha wangu." Nikamuuliza baba aliwapeleka stesheni na nini mkononi. Akasema mfuko wa unga, na mama yao aliuuza nusu Kamina kununua maji.

Shangazi Odile: Ni yeye. Eh Mungu, ni yeye.

Papa Dorcas: Na Kyungu?

Solange: Alienda kuchimba almasi Tshikapa, akavuka Angola. Ana zaidi ya miaka mitano bila habari. Mama Kapinga yuko hai, anaumwa miguu. Kabange ana kadi yake ya ubatizo, atakuja nayo.

Papa Dorcas: Kwa hiyo likidatere ni nani sasa?

Solange: Mkubwa wa warithi ni Kyungu. Kwa kuwa hayupo, anayefuata ni Kabange. Akikataa ndipo warithi tunachagua mwingine, na tunaweza kukuchagua wewe, Yaya, ukiandika watoto saba. Fungu la Kyungu halikatwi wala haligawanywi, tunaomba tribinali iseme nani alishike. Na kuuza nyumba Mama akiwa ndani, hilo nitalipinga hadi mwisho.

Papa Dorcas: Andika saba. Nitaongea na mnunuzi.

Baba Mdogo Likasi: Anakuja lini binti yetu?

Solange: Akipata nafasi kwenye treni, mwezi ujao. Tuchange nauli, yake na ya mtoto wake mdogo. Mimi natoa ya kwenda.

Bijou Ndola: Mimi ya kurudi, nitatuma kwacha mbadilishe.

Mama: Atalala chumba cha mbele. Papa Dorcas, uje utoe mifuko yako ya simenti humo. Kesho, si siku ingine.