Picha ya sura yako ni ya nani, yako au ya mpiga picha?

Mleta mada:
Wakuu, najifunza upigaji picha za sura, na kila nikizama zaidi jambo hili linanikera. Katika nchi nyingi hakimiliki ya picha huanzia kwa aliyeshika kamera. Mwenye uso anabaki mtazamaji. Msimamo wangu: aliyepigwa awe na kauli hata baada ya picha kutoka.

Chukueni kisa cha Florence Owens Thompson. Machi 1936, Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha na wanawe katika kambi ya vibarua wa mashambani. Uso ule ukawa alama ya umaskini wa Marekani nzima, lakini jina lake umma haukulijua hadi 1978. Miaka 42! Isitoshe, alikuwa Mcherokee, yaani wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani, na watazamaji wakamchukulia kuwa mzungu. Hapo ndipo ninapoumia: picha ilimtangaza dunia nzima huku ikimfuta yeye mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo nakupinga. Picha zile zilipotoka gazetini, serikali ilipeleka kambini chakula cha takriban kilo 9,000. Watu walikuwa na njaa. Halafu ukimpa aliyepigwa nguvu ya kuzuia picha, wa kwanza kuitumia watakuwa wakubwa wasiotaka maovu yao yaonekane. Mnyonge hana hata wakili.

Mleta mada:
La wakubwa nalikubali, na sheria yoyote ingebidi iwatenge wenye madaraka. Ila hicho chakula kilipofika, Thompson na wanawe walikuwa wameshaondoka.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, nyote mnabishania kilichotokea baada ya kubonyeza. Mimi naona kesi huamuliwa kabla. Mwaka 1960, Marc Garanger, askari wa Ufaransa, aliamriwa kupiga picha za vitambulisho Algeria, karibu watu 2,000, wengi wao wanawake waliolazimishwa kufunua nyuso. Zitazameni taratibu. Midomo imefungwa, lakini macho yanakataa waziwazi. Sasa linganisheni na Seydou Keïta, aliyefungua studio ya picha Bamako, Mali, mwaka 1948. Mteja alikuja na vazi alilolipenda, akiazima saa au redio ya studio, akasimama kama anavyotaka wajukuu wamkumbuke. Kamera ni kamera tu. Tofauti ni nani aliyeamua mkao. Zanele Muholi, ambaye tangu 2006 anapiga sura za wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia Afrika Kusini, huwaita washiriki, na neno hilo kwangu lina uzito kuliko vifungu vya sheria.

Mchangiaji wa kwanza:
Studioni sawa. Barabarani, vitani, nani ana muda wa kupanga mkao?

Mleta mada:
Muda wa kuuliza jina upo, mkuu, hata kama ni baadaye. Na mchangiaji wa pili amenigusa. Siku hizi nikimaliza kupiga, namkabidhi mtu kamera achague mwenyewe. Mama mmoja aliichagua ile niliyotaka kuifuta, amefumba macho, kichwa kimeinama kidogo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hapo ndipo anapofanana na marehemu mama yake. Mimi nisingeliliona hilo kamwe.

Wengine mnasemaje? Nani hapa aliwahi kuomba picha yake iondolewe, na alijibiwa nini?