Kwa nini chanjo nyingine zinanywewa na nyingine zinachomwa? Na mbona BCG ileile inafanya kazi huku na kule haifanyi?

mzazi_mpya

Habari zenu wadau. Kuna swali limenikaa kichwani tangu nimpeleke mwanangu kliniki. Alivyozaliwa tu akachomwa BCG, ile chanjo ya TB, begani, juujuu kabisa kwenye ngozi mpaka pakavimba kakipele, halafu wiki ya sita akachomwa pajani na hiyo sindano ikazama ndani kwenye nyama, na sikuhiyohiyo akapewa matone mdomoni. Nikamuuliza nesi mbona zote zisiwe matone tu mtoto asilie, akanijibu kila chanjo ina njia yake, na foleni ilikuwa ndefu sikutaka kumganda.

Nimeenda kusoma mwenyewe ndo nikachanganyikiwa zaidi. Eti BCG ileile kuna nchi ilizuia TB vizuri sana na kuna nchi ilipimwa ikaonekana haijasaidia kitu. Sasa chanjo ni ileile na binadamu ni yuleyule, inakuwaje? Na kama ya kipindupindu watu wanainywa na inawakinga, ya pepopunda inashindikana nini kuinywa? Naomba anayejua anieleweshe, hasa hizi za bakteria maana nimeambiwa matone ya polio ni habari ya virusi. Kwa lugha nyepesi lakini msinifiche kitu.

maabara_usiku

Karibu ndugu. Mimi huwa naanzia kwenye swali moja tu: huyu bakteria anaumizia wapi? Ukishalijibu hilo, njia ya chanjo inaanza kueleweka yenyewe.

Chukua pepopunda. Bakteria wake anakaa palepale kwenye kidonda wala hasambai, kinachosafiri ni sumu anayoitoa, ikifika kwenye neva ndo misuli inakakamaa. Kwahiyo unachohitaji ni kingamwili zinazozunguka kwenye damu na majimaji ya mwili ziinase ile sumu kabla haijafika. Hizo ni IgG. Ukichoma kwenye msuli, chanjo inabebwa mpaka kwenye tezi za limfu za jirani, za kinena au za kwapa, huko seli zinafundishwa na IgG inamwagwa kwenye damu. Tena IgG ya mama inapita kwenye kondo la nyuma, ndo maana mjamzito akichanjwa pepopunda mtoto anazaliwa tayari ana kinga. Sasa ungeimeza hiyo chanjo, kwanza ni protini tupu, tumbo litaisaga kama linavyosaga chakula, na pili utumbo una tabia yake ya kukubali kinachomezwa bila ugomvi, la sivyo tungekuwa tunapambana na kila mlo.

Kipindupindu ni kinyume chake. Yule haingii kwenye damu kabisa, anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu palepale, maji ya mwili yanatoka kwa kasi ya kuua mtu ndani ya saa chache. IgG ya kwenye damu inafika huko kwa kuvuja kidogokidogo tu. Inayohitajika ni kingamwili ya aina nyingine, IgA, ambayo mwili unaitoa kabisa nje mpaka kwenye ute wa utumbo. Chanjo za sindano za kipindupindu zilikuwepo tangu karne ya 19, daktari Ferrán alizijaribu Hispania mwaka 1885 na mtafiti Haffkine akafanya kazi kubwa India miaka ya 1890, lakini kinga ilikuwa ya wastani na ya miezi michache, mpaka mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani likaondoa kile cheti cha lazima cha kipindupindu kwa wasafiri. Waliporudi na wazo la kunywesha bakteria waliokwisha kuuawa, ndo mambo yakabadilika. Mojawapo ya hizo za kunywa, Shanchol, ilipofuatiliwa Kolkata kwa miaka mitano, kinga ilikuwa kama asilimia 65.

Na hapa ndo panaponifurahisha mimi. Kwenye utumbo kuna sehemu zinaitwa madoa ya Peyer, juu yake kuna seli maalumu za kuvuta sampuli ya kilichopita. Seli ya kinga ikifundishwa hapo, mazingira ya utumbo, pamoja na vitamini A inayochakatwa hapohapo, yanaibandikia kitu kama anwani juu ya ganda lake, hivyo ikishaingia kwenye mzunguko wa damu itarudi utumboni na si kwingine. Iliyofundishwa kwenye tezi ya kinena haipewi anwani hiyo. Kwahiyo mahali pa kuchanja panaamua kinga iwe ya aina gani na ikaishi wapi, siyo wingi wake tu.

bakteria_na_sisi

Mkuu umeeleza vizuri ila naomba niongezee, maana mtu anaweza akaondoka na kanuni kwamba ugonjwa wa tumboni chanjo ya kunywa, ugonjwa wa damuni sindano, na haiendi hivyo.

Homa ya matumbo unaipata kwa kula na kunywa, tena jina lenyewe ni la tumbo, lakini chanjo inayofanya vizuri sana kwa sasa ni ya sindano. Sababu ni kwamba bakteria wake, Salmonella, hakai utumboni tu kama wa kipindupindu, anapenya anaingia kwenye damu, na huko IgG zinamsubiri. Blantyre kule Malawi walichanja watoto zaidi ya 28,000, nusu wakapewa ya taifodi na nusu chanjo nyingine ya kulinganishia, dozi moja tu, na taifodi ikapungua kwa asilimia kama 80. Ilitengenezwa pia ya kumeza, Ty21a, hiyo ni bakteria hai waliodhoofishwa, waliwekwa kwenye kapsuli isiyoyeyuka mpaka ipite tindikali ya tumbo, mtu alimeza tatu au nne kwa kuruka siku. Mtoto mdogo humpi kapsuli, kwahiyo hapo njia yenyewe inawafungia nje wanaoihitaji sana.

Halafu siyo njia tu, hata ulichoweka ndani ya sindano kinabadilisha mambo. Ganda la sukari la bakteria wa taifodi, nimonia au uti wa mgongo ukilichoma peke yake, mtoto chini ya miaka miwili mwili wake karibu hauitiki, na hata mtu mzima habaki na kumbukumbu ya maana. Sukari hiyohiyo ukiiunganisha na protini, seli T, yaani seli za kinga zinazoongoza wenzake, zinaingia kusaidia, na mtoto mchanga anajenga kinga. Sindano ileile, paja lilelile, matokeo mbalimbali kabisa. Na hizi za kuunganishwa zinatoa IgG nyingi kiasi kwamba zinavuja mpaka puani na kooni zinamzuia bakteria asipate makazi. Ndo ilivyokuwa kwa MenAfriVac, chanjo ya uti wa mgongo iliyoanza mwaka 2010 Burkina Faso, Mali na Niger, waliochanjwa wakaacha hata kumbeba yule bakteria wa uti wa mgongo kundi A, wasiochanjwa nao wakasalimika kwa sababu hakuna wa kuwaambukiza.

Sasa linganisha na kifaduro, hili linaniumiza kwa kweli. Kuna chanjo ya zamani yenye bakteria mzima aliyeuawa, na kuna mpya yenye vipande vyake vichache vilivyosafishwa, homa na maumivu yake kidogo, nchi nyingi tajiri zikahamia hiyo. Mwaka 2014 watafiti Marekani wakatoa matokeo ya nyani: waliochanjwa chanjo mpya hawakuugua, lakini bakteria alikaa kwenye koo zao muda mrefu kama wa ambao hawajachanjwa kabisa, na wakaambukiza wenzao. Wa chanjo ya zamani walimwondoa haraka zaidi. Waliokwisha kuugua kweli, yaani waliompokea kwa njia ya hewa kama kawaida yake, hawakumbeba kabisa. Ndo maana sasa inajaribiwa ya kupuliza puani, ya bakteria hai aliyedhoofishwa, kinga ikajengwe kwenye mlango anaoingilia.

mzazi_mpya

Asanteni sana, sasa hilo la anwani nimelielewa. Ila swali la BCG bado, nani analijua?

shangazi_wa_TB

Mwanangu, hilo niachie mimi, nimefanya kazi na wagonjwa wa kifua miaka mingi.

BCG ilianza kwa kunywewa. Watafiti wa Kifaransa Calmette na Guérin walimdhoofisha bakteria wa TB ya ng'ombe kwa kumhamisha na kumpandikiza upya mara 230 kwa muda wa miaka 13, na mwaka 1921 mtoto wa kwanza Paris akanyweshwa. Kisha likaja balaa la Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930. Watoto wachanga kama 250 walinyweshwa chanjo ambayo kule maabara ilikuwa imechanganyika na bakteria wa TB wa kweli, zaidi ya 70 wakafa. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa ila imani ya watu ilivunjika vibaya. Leo inachomwa ndani ya ngozi, kwa sababu ngozi imejaa seli za kukamata wageni kuliko msuli, na ile mililita 0.05 anayopewa mchanga inatosha. Hako kakipele ka mwanao kataweza kuwa kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa na kuacha alama, usikapake kitu.

Sasa mazingira. Uingereza walipoipima kwa vijana wa shule kuanzia mwaka 1950, kinga ilikaribia asilimia 80. Chingleput, kusini mwa India, jaribio kubwa kabisa lililoanza 1968, kinga dhidi ya TB ya mapafu kwa watu wazima haikuonekana. Maelezo yenye nguvu zaidi ni haya: kwenye udongo na maji ya nchi za joto kuna jamaa wengi wa bakteria wa TB wasio na madhara makubwa, mtu anakutana nao tangu utotoni. Ukija kumchanja akiwa mkubwa, ama tayari ana kakinga ambako BCG haina cha kuongeza, ama hiyo kinga inaiua BCG kabla haijazaliana ikafundisha chochote, maana BCG ni bakteria hai na inahitaji kuishi kidogo mwilini. Walipowapima vijana wa Malawi na wa Uingereza, wa Malawi seli zao zilikuwa zinaitika hata kabla ya chanjo, na baada ya kuchanjwa wa Uingereza ndo waliopanda sana. Ndo maana inapewa mtoto anapozaliwa, kabla hajakutana na lolote, na kwa mtoto mchanga inamkinga vizuri na TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima.

Na njia bado ina siri zake. Mwaka 2020 walichapisha kazi ambayo tumbili kumi walipewa BCG moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, kwa dozi kubwa, halafu baada ya miezi sita wakawekewa TB mapafuni. Tisa walikingwa, na sita kati yao TB haikuonekana popote. Waliochomwa kwenye ngozi kawaida hawakukaribia hapo. Ile ya mshipani ilijaza mapafu seli T zinazokaa hukohuko. Msije mkasema mkachome mishipani jamani, hiyo ni bakteria hai, usalama wake kwa binadamu ni suala lingine kabisa, ila imetuonyesha kwamba chanjo ya miaka mia tulikuwa hatujaijua yote.

nesi_wa_zamu

Niongeze ya mezani kwetu. Ile ya pajani ina chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga, ikiishia juu chini ya ngozi inaleta uvimbe mgumu na wakati mwingine jipu, ndo maana tunaizamisha kwenye msuli. BCG nayo ukiizamisha, umekosea, na usipoona kale kauvimbe kaliko kama ganda la chungwa ujue haijakaa panapotakiwa. Pia hiyo ya pajani ikiganda kwa baridi imeharibika, aluminiamu inashikana mabonge. BCG ya unga baridi haiisumbui, ila ikishachanganywa jua na muda vinaiua, baada ya saa sita tunamwaga hata kama chupa imebaki nusu. Mama akiona tunamwaga asidhani tunachezea dawa.

mzazi_mpya

Nimeona sehemu kwamba minyoo nayo inapunguza nguvu ya chanjo. Nimpe mwanangu dawa ya minyoo kwanza ndo nimpeleke wiki ya kumi?

maabara_usiku

Hapana ndugu, usicheleweshe. Ulichosoma kina ukweli wake: kuna chanjo hai ya kipindupindu ya kunywa, dozi iliyowatosha watu wa Amerika Kaskazini kwa watoto wa nchi maskini haikutosha, ikabidi iongezwe mara kumi. Na Ecuador, watoto wenye minyoo ya mviringo waliopewa albendazoli, dawa ya minyoo, kabla ya hiyo chanjo waliitika vizuri kuliko ambao hawakupewa. Utumbo unaoshambuliwa kila siku, ukuta wake umechakaa, mchanganyiko wa bakteria humo ni mwingine, chanjo ya kunywa inakuta pamejaa. Lakini hao walikuwa watoto wakubwa na chanjo ya kunywa. Wako ni wa wiki chache, minyoo hana, na dawa yake hutolewa kuanzia mwaka mmoja.

nesi_wa_zamu

Naunga mkono. Wiki ya kumi njoo siku uliyopangiwa na kadi yake, mnyonyeshe wakati anachomwa, atalia kidogo tu. Na foleni hata ikiwa ndefu, uliza.

mzazi_mpya

Nimewaelewa, tarehe nimeishaiandika ukutani. Nitauliza.