Mjadala: Wenye seva za pamoja wapige marufuku chmod 777?

Mleta mada: Wakuu, hoja yangu ni kwamba kampuni zinazokodisha nafasi kwenye seva za pamoja zikatae kabisa ruhusa ya 777, inayowekwa kwa chmod, amri ya Linux ya kupanga nani aweze kufanya nini na faili. Tovuti ikigoma kupokea picha, mafundi wengi hukimbilia `chmod -R 777`. Picha zinapanda, mteja anafurahi. Tarakimu hizo tatu ni za mwenye faili, kundi lake na watu wengine: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1, jumla 7. Na hiyo 7 ya mwisho ni ya mtu yeyote. Akaunti zisipotengwa, aliyevamia tovuti ya jirani anapachika faili lake la PHP (lugha ya programu za tovuti) kwenye folda yako, kisha analifungua kwa kivinjari.

Mchangiaji 1: Hatari naikubali, dawa ndiyo naipinga. Tatizo ni umiliki: PHP inaendeshwa na www-data (akaunti ya seva ya tovuti), mafaili ni ya mteja. Kampuni iweke PHP-FPM, programu ya kuendesha PHP, kila akaunti iendeshwe kwa jina la mwenyewe. Hapo 755 kwa folda na 644 kwa mafaili zinatosha (mwenyewe tu ndiye anayeandika), na wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress lenye nywila ya hifadhidata, inakaa 600 (mwenyewe tu ndiye anayesoma).

Mleta mada: Hapo umenena, ila marufuku nayo inafundisha. Ssh, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine, na watu wamezoea kuuweka 600. Halafu wengi hawajui hili: faili la 644 ndani ya folda ya 777 bado liko hatarini. Jirani hawezi kuliandika, lakini anaweza kulifuta na kuweka lake kwa jina lilelile, maana ruhusa ya kufuta hutoka kwenye folda. Ndiyo sababu /tmp, folda ya mafaili ya muda ya watumiaji wote, huwa 1777. Ile 1 ya mbele inazuia kufuta cha mwenzako.

Mchangiaji 2: Mbona lawama zote kwa fundi? Mwaka 2021 Windows 10, tangu toleo la 1809, ilikutwa imeacha faili la SAM, linalotunza akaunti za kompyuta, lisomeke na watumiaji wa kawaida (namba ya kasoro hiyo ni CVE-2021-36934). Humo mna heshi za nywila (nywila zilizofumbwa), na zilichotwa kupitia nakala za kivuli za diski, yaani nakala ambazo Windows hujihifadhia. Hata baada ya sasisho, nakala za zamani ilibidi zifutwe kwa mkono. Anayeweka ruhusa za mwanzo ndiye abanwe kwanza.

Mchangiaji 1: Naunga mkono. Kwa mwenye 777 leo: usipige `chmod -R 644`, folda zitakosa x (ile 1, ambayo kwa folda ni ruhusa ya kuingia) na tovuti itagoma. Tenganisha, amri ya kwanza kwa folda, ya pili kwa mafaili:

`find . -type d -exec chmod 755 {} +`
`find . -type f -exec chmod 644 {} +`

Halafu irudishe wp-config.php kwenye 600. Kagua pia folda ya picha zilizopandishwa kwa `find wp-content/uploads -name '*.php'`, ukikuta faili usilolijua, badilisha pia nywila ya hifadhidata siku hiyohiyo.