Aleji za ndani msimu wa kusi: jua, kava la godoro au kiyoyozi?

Mama Mkomani: Assalaam alaykum. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, mwanangu huamka alfajiri akipiga chafya mfululizo, macho mekundu. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani. Pesa niliyonayo ni ya jambo moja: kiyoyozi au kava la godoro lenye zipu. Ama niendelee tu kuanika godoro juani?

Wa Shela: Waalaykum salaam, dada. Chafya za alfajiri mara nyingi ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana vinavyokula magamba ya ngozi na kupenda unyevu. Jua hukausha godoro, lakini kinacholeta aleji hasa ni kinyesi chao, nacho hubaki humo. Nunua kava la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na la mto pia. Shuka zifue kila wiki kwa maji ya moto, nyuzijoto 60. Maji baridi hayawaui.

Malindi Kwetu: Kiyoyozi ninacho. Hewa hukauka kweli, ila bili ya stima inauma, na chujio lisipooshwa vumbi linarudi chumbani. Kava.

Fundi Chokaa, Langoni: Ukuta je? Sogeza kabati, utazame nyuma. Ukiona madoa meusi na kunusa uvundo, hiyo ni kuvu, na kava halitaisaidia. Mawe ya matumbawe yanataka chokaa, yapumue. Yakipigwa plasta ya simiti, unyevu hunasa ndani na rangi hubanduka mapande mapande.

Niko London: Huku majira ya baridi madirisha hufungwa, nguo zinaanikwa ndani, kuvu inatambaa pembeni mwa vioo. Watu hununua mashine za kuvuta unyevu. Nyinyi fungueni madirisha mchana jua likitoka, upepo upite.

Bi Mwana: Na udi msimfukizie mtoto chumbani, moshi unamzidishia. Akianza kubanwa kifua au kutoa sauti ya filimbi akipumua, mwanangu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo huenda ni pumu.

Mama Mkomani: Shukran sana. Nimesogeza kabati, madoa yapo, na plasta ni ya simiti. Fundi, nianze na ukuta?

Fundi Chokaa, Langoni: Nunua kava sasa. Kuvu ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mtoto asiwepo, na kabati liache mbali na ukuta. Plasta tutaibandua kaskazi, ukuta upate kukauka kabla ya chokaa.